Tumechukua Majibu, Tumerudisha Nini?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, si kwa ubaya, ni haya mambo ya kufunga muhula. Mtu unakaa kwenye kimbweta mpaka usiku wa manane, mbu wanakula, na makaratasi yapo pale pale. Sasa angalau nimepumua. Na kwa vile likizo ndefu iko mlangoni, na huku mabwenini watu wameshaanza kuulizana nani ana mchongo wa kwenda kukusanya takwimu za afya vijijini, nimeona nitoe dukuduku langu mapema kabla hamjapanda mabasi.

Mchongo huu wote tunaujua. Kuna mradi wa malaria, au wa kichocho, au wa lishe ya watoto, unatafuta vijana wanaojua kusoma na kuandika, wanaoongea Kiswahili vizuri na ambao posho ndogo kwao ni kubwa. Hapo utamkuta mtu wa sosholojia, wa jiografia, wa uuguzi, na sisi wa ualimu ambao, tuseme ukweli, bumu likikata hatuna pa kushika. Likizo iliyopita nami nilikuwemo. Wiki sita katika wilaya moja ya mkoa wa Morogoro, kishikwambi mkononi, nyumba hadi nyumba. Mradi wenyewe sitautaja, na wala si lazima, maana ninachotaka kusema hakihusu mradi mmoja.

Ukikaa na watu waliotoka fildi utasikia wimbo ule ule: wananchi wagumu. Wanaficha idadi ya watoto. Wanakimbilia shambani wakiona gari. Wanataka hela kwanza. Wanaamini mambo ya mumiani. Halafu watu wanacheka, stori inaisha, kila mtu anaenda kula. Mimi hiyo stori imenichosha. Kwa niliyoyaona, na kwa niliyosoma baadaye, kinachotukwamisha zaidi katika utafiti wa afya katika nchi kama yetu ni deni. Tunachukua majibu, tunachukua damu, tunachukua saa nzima ya mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni, halafu haturudishi kitu, hata habari. Deni hilo likilimbikizwa miaka na miaka ndilo linalofunga milango, sisi tunauita ujinga.

Nianze na yale matatizo ambayo kila mtu anayaona, nisije nikaambiwa nimeyasahau. Barabara zipo za kutisha. Kuna vitongoji tulifika kwa bodaboda, na pale bodaboda iliposhindwa tukavua viatu. Umeme wa kuchaji vishikwambi ni wa kuomba kwa mwenye sola. Vibali navyo ni safari ya pekee. Utafiti wa afya lazima upitie Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo ile NIMR, kwa ajili ya maadili. Ukishapata kibali unaanza ngazi: mkoani kwa Katibu Tawala, halmashauri kwa Mkurugenzi, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila ofisi muhuri. Sibezi utaratibu huo, upo kwa sababu nzuri, ni wa kumlinda mwananchi. Lakini angalieni kitu kimoja: barua ya kuomba inashuka ngazi zote hizo bila kuruka hata moja. Majibu ya utafiti mara nyingi hayashuki hata ngazi mbili. Yanaishia kwenye ripoti ya Kiingereza ambayo hata mtendaji wa kata hajawahi kuishika.

Kuna suala la msimu pia. Likizo yetu ndefu inaangukia kiangazi. Mvua za masika ni Machi mpaka Mei, ndiyo madimbwi yanajaa, mbu wanazaliana, homa zinapanda, na sisi wakati huo tuko darasani. Sasa ukienda kuuliza habari za malaria mwezi wa nane, unapata picha ya mwezi wa nane. Na ukienda msimu wa kilimo nako kuna shida yake. Bonde la Kilombero, kwa mfano, wakulima wengi wa mpunga huhamia kwenye vibanda vya shambani miezi kadhaa, mbali na kijiji na mbali na zahanati. Kijijini unakuta wazee na kuku. Dodoso linasema kaya haipo. Kaya ipo jamani, iko shambani, na huko ndiko mbu wanakoila.

Tukija kwenye lugha, mimi wa Kiswahili hapa ndipo moyo unaniuma. Madodoso mengi yanaandikwa Kiingereza kwanza, halafu yanageuzwa haraka haraka. Matokeo yake unamsomea mzee wa miaka sabini fomu ya ridhaa yenye maneno kama "ushiriki wako ni wa hiari na hautaathiri haki zako stahiki", halafu unamwomba aweke dole gumba. Mzee anakuangalia. Anajua watu waliowahi kuweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoielewa, na shamba likaenda. Wewe unaandika "amekataa". Hujaandika amekataa nini.

Chukueni mfano wa degedege. Pwani, na sehemu nyingine nyingi za nchi, mtoto akipata homa kali akakakamaa na kutoa macho, wazazi wengi walijua ni degedege, jambo la shetani au la ndege anayepita usiku, na mahali pa kumpeleka kwanza ni kwa mganga wa kienyeji. Watafiti waliokwenda Bagamoyo miaka ya 1990 waliliona hili wazi: kwa daktari hiyo inaweza kuwa malaria kali, kwa mama ni ugonjwa mwingine kabisa wenye tiba yake. Sasa wewe na kishikwambi chako unauliza, "Je, katika wiki mbili zilizopita kuna mtoto aliyeugua malaria katika kaya hii?" Mama anasema hapana. Hajadanganya. Ungeuliza kuhusu degedege angekueleza mpaka jina la mganga. Takwimu yako imekuja na sifuri, na sifuri hiyo itakwenda kupangiwa bajeti ya dawa.

Kichocho nacho hivyo hivyo. Watu wengi ukiwatajia kichocho wanafikiria kukojoa damu. Lakini kuna kichocho cha tumbo, ambacho kipo sana kandokando ya Ziwa Victoria, hakina habari ya mkojo. Mtu mwenye tumbo linalouma na kuvimba miaka mitatu anakuambia hana kichocho, na kwa Kiswahili chake yuko sahihi.

Haya, tufike kwenye damu, maana najua ndiko wengi mnakotaka tufike.

Mumiani ni stori ya zamani. Tangu enzi za mkoloni, Dar, Nairobi, Kampala na miji mingine, watu walisimuliana habari za watu wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu, na wazimamoto wakatajwa sana. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo, kikatoka mwaka 2000. Sitaki kukifanyia mapitio hapa, si somo langu, ila jambo moja lina akili: uvumi wa namna hii huwa unatuambia jinsi watu wanavyowaona wale wenye mamlaka juu yao. Mtu anakuja na gari, hajulikani kwao ni wapi, anachukua kitu kutoka mwilini mwako, anaondoka, humwoni tena. Ukiitazama kwa utulivu, hiyo ni stori ya mumiani, na pia ni maelezo sahihi kabisa ya ratiba ya utafiti mwingi wa afya.

Na si jambo la kuchekea kwenye foleni ya chakula. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Gari lao lilichomwa moto. Hawakuwa wamefuata damu ya mtu, kazi yao ilikuwa utafiti wa udongo. Hapo hakuna wa kutetewa. Kuua ni kuua, na waliokufa walikuwa na familia kama mimi na wewe. Lakini kama tunataka yasirudie, kusema tu "watu wale ni wajinga" hakumlindi mtafiti wa kesho hata kidogo. Huyo wa kesho ni mmoja wetu.

Kuna tukio lingine ambalo linatuhusu sisi walimu moja kwa moja, na nashangaa hatufundishwi. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, watoto wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho na minyoo. Wagawaji walikuwa walimu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni vidonge vikubwa, vichungu, mtoto anapimwa urefu kwenye kipimo ili kujua ameze vingapi. Ni dawa nzuri na imesaidia mamilioni. Lakini ina maudhi: kichefuchefu, kizunguzungu, tumbo kukata, hasa mtoto akimeza hajala kitu. Sasa fikiria mtoto aliyetembea kilometa kadhaa kuja shule bila hata chai. Watoto wakaanza kuugua, habari ikaruka kwamba wanapewa sumu, wazazi wakamiminika mashuleni kwa hasira, fujo zikazuka na zoezi likasimamishwa.

Nani alikuwa na makosa? Dawa haikuwa sumu. Wazazi nao, wewe ungekuwa mzazi, mwanao katoka nyumbani mzima na saa nne unaambiwa yuko chini anatapika, ungekaa kusubiri kipeperushi? Na mwalimu aliyesimama pale katikati hakuwa daktari, alikuwa mtu wa chaki aliyekabidhiwa kopo la vidonge. Mzazi hakuwa na wa kumuuliza ambaye angeweza kumjibu. Kama kungekuwa na mazungumzo kabla, mzazi akaambiwa mapema kwamba mpe mtoto uji asubuhi, anaweza kutapika kidogo na hiyo si sumu, sidhani kama ingefika pale. Ndani ya miaka miwili mitatu tutakuwa sisi kwenye shule hizo. Ndiyo maana nasema hili si la watu wa udaktari peke yao.

Sasa niwape lile lililonifanya niandike. Siku moja, wiki ya tatu, nilifika kwa bibi mmoja anayelea wajukuu. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaniletea kigoda, akaendelea kupepeta mchele. Nikaanza kusoma utangulizi wangu. Akanikatisha.

"Mwaka juzi walikuja wenzio. Wakamtoboa kidole huyu mtoto, wakachukua na choo chake kwenye kikopo. Wakasema majibu yataletwa. Wewe ndiye umeyaleta?"

Nikamweleza kwamba mimi ni wa mradi mwingine, hatuhusiani. Akacheka.

"Ninyi nyote si mnatoka serikalini?"

Kwake sisi ni wamoja, na kusema kweli hajakosea sana. Wote tumekuja na barua yenye muhuri ule ule, tumeletwa na mwenyekiti yule yule. Deni la mradi mmoja linalipwa na mradi unaofuata. Bibi alijibu maswali yangu yote, zaidi ya saa nzima, bila kinyongo. Jirani yake alifunga mlango. Mwenyekiti wa kitongoji, tuliyekuwa naye, akasema kwa upole tu, "Yule mumewe alishapimwa mara tatu na watu watatu tofauti. Mpaka leo hajui anaumwa nini."

Jioni nikamuuliza msimamizi wetu kama kuna mpango wa kuja kuwaambia watu kilichopatikana. Akasema ni wazo zuri ila halimo kwenye bajeti. Hakuwa mtu mbaya. Lakini fikirini: bajeti ina mafuta ya gari, ina vocha, ina sabuni mbili mbili za kuwapa wahojiwa, ina maji ya chupa ya kwetu sisi. Nauli ya mtu mmoja kurudi kijijini na karatasi, haimo.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kinadharia, Ulaya wanaweza, kwetu haiwezekani. Basi ngoja niwakumbushe mambo yaliyofanyika hapa hapa.

La kwanza liko Morogoro hiyo hiyo. Kuanzia 1997, wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa na mradi wa vyandarua vyenye dawa ulioitwa KINET. Kabla ya kuuza chandarua hata kimoja, walianza kwa kuwauliza watu wenyewe wanavyowaelewa mbu na homa, na chandarua chenyewe kikapewa jina ambalo mtoto wa darasa la kwanza analielewa: Zuia Mbu. Vikauzwa madukani pale pale kijijini, watu wakavijua. Mwaka 2001 watafiti wakachapisha matokeo kwamba vyandarua vile viliendana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka 4. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kuisukuma nchi mpaka ikaja Hati Punguzo ya mwaka 2004, ambayo mama mjamzito alipewa ili anunue chandarua kwa bei nafuu. Chandarua chako hapo bwenini kina jasho la akina mama wa Kilombero na Ulanga waliokubali kuhesabiwa watoto wao, walio hai na waliokufa. Sasa niambie, kuna kazi ya fildi yenye maana kuliko hiyo? Ndiyo maana simwambii mtu asiende.

La pili ni la watu wa ualimu kabisa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kutumia redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, halafu wakaamka na kwenda kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kusafisha visima. Milioni mbili, kwa redio za betri! Hakukuwa na kishikwambi wala wasapu. Na hapo hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka hiyo ya 1970, watu kama Marja-Liisa Swantz walikuwa wanajenga utafiti shirikishi, ambao mwanakijiji anakaa upande wa wanaotafiti, halafu matokeo ni yake. Leo mbinu hiyo inafundishwa duniani kote, na sisi ambao ilikulia kwetu tunaenda kijijini kama watu wa kusoma mita za umeme.

Kwa hiyo mimi napendekeza nini? Nisije nikawa mlalamishi tu.

Kwanza, kabla hujasaini mkataba wa kukusanya takwimu, uliza swali moja: majibu yatarudi lini, na nani atayarudisha? Ukiuliza peke yako utaonekana mjuaji. Tukiuliza thelathini, kwenye semina ile ya mafunzo ya siku tatu, mwenye mradi ataandika kwenye daftari lake.

Pili, kila utafiti uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mmoja tu. Tulikuja lini, tuliuliza nini, nyumba ngapi, tumeona nini, nini kinafuata. Ubandikwe ofisi ya kijiji, zahanati na shule ya msingi. Gharama ya kopi mnaijua, si ya kuombea ufadhili nje ya nchi.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, unatakiwa kukutana kila miezi mitatu. Hapo ndipo pa kusomea huo ukurasa na kuulizwa maswali. Na ripoti ya mwanafunzi, iwe ya shahada ya kwanza au ya uzamili, isisainiwe na msimamizi mpaka iwe na muhtasari wa mkutano huo wenye muhuri wa mtendaji. Kama tunaweza kudai muhuri wa kuingia kijijini, tudai na wa kutoka.

Nne, watumieni walimu, lakini kwa kazi yao. Mwalimu asiwe mtu wa kukabidhiwa vidonge tu. Awe mtu wa kueleza. Huyo anakaa pale, watu wanamjua kwa jina la mwanae, na gari la mradi likiondoka yeye ndiye anayebaki kuulizwa.

Najua pingamizi zipo. Ya kwanza ni siri za watu. Ni kweli, kijiji ni kidogo, ukisema "kaya moja kitongoji fulani" wote wameshajua ni nani. Lakini hakuna anayesema tusome majina mkutanoni. Jibu la mtu mmoja apewe mwenyewe, faragha, na mengine yanapatikana hapo hapo: kipimo cha haraka cha malaria hakizidi dakika ishirini. Mkutanoni yanapelekwa ya jumla.

Ya pili, kwamba uchambuzi huchukua miaka. Sawa, huo wa kina. Lakini kuwaambia watu kwamba tulipima watoto kadhaa na hawa kadhaa walikuwa na minyoo, hilo linajulikana ndani ya miezi michache. Na kama hamjapata jibu, semeni hamjapata. Mwanakijiji ameshazoea mvua isiyokuja, hatakufa kwa kuambiwa "bado tunatafuta". Anachoshindwa kuelewa ni ukimya.

Ya tatu, na hii naiheshimu, kwamba hata ukirudisha majibu uvumi hautaisha. Ni kweli hautaisha. Oktoba 2017 Malawi walipata mkasa wa uvumi wa wanyonya damu mpaka Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake kwenye wilaya mbili za kusini. Mambo haya yana mizizi mirefu, njaa na umaskini vimo humo, na ukurasa wangu mmoja wa Kiswahili hauwezi kuyamaliza. Lakini kati ya kijiji ambacho mgeni wa mwisho alirudi na karatasi na kijiji ambacho mgeni wa mwisho alipotea na choo cha mtoto, mimi najua ningependa kupangiwa kipi.

Na suala lenyewe ni kubwa kuliko likizo yetu. Machi 2023 Kagera kulitokea Marburg. Ugonjwa ule hauna mchezo, na mojawapo ya kazi kubwa za kuuzuia ni kumfuatilia kila aliyemgusa mgonjwa, kila siku kwa siku 21, kumuuliza hali na kumpima joto. Kufikia Juni 2 mwaka ule mlipuko ukatangazwa umekwisha. Ukasikika tena Kagera Januari 2025, nao ukadhibitiwa. Kazi hiyo inategemea mtu afungue mlango na aseme kweli: nilikuwa msibani, nilimuosha marehemu, tulikuwa watu kadhaa. Mtu hasemi hayo kwa mgeni wa gari ambaye hajamwamini. Imani hiyo haiwezi kununuliwa wiki ambayo mlipuko umetokea. Inawekwa akiba kidogo kidogo miaka ya nyuma, na wanaoweka au wanaotoa kwenye hiyo akiba ni hawa hawa vijana wa posho, yaani sisi.

Basi wadau, wanaoenda fildi likizo hii nawatakia safari njema. Bebeni mabuti, bebeni dawa ya mbu, na shikamoo msizibane. Jifunzeni magonjwa yanaitwaje pale mlipo kabla hamjafungua dodoso. Na siku ya semina, mtu wa mradi akimaliza kueleza na kuuliza "kuna swali?", msiniangushe. Nyoosheni mikono.

Naomba kuwasilisha. Tuko pamoja.